Mti Wako Usile Shamba la Jirani



Kila mwaka mvua ya masika inapokaribia, ofisi za kilimo katika Nakuru hupata wageni wa namna mbili. Wa kwanza huja kuuliza habari za mbegu na mbolea. Wa pili huja wawili wawili, wamenuna, kila mmoja akitazama upande wake. Hao ni majirani waliogombana kwa ajili ya miti ya mpakani. Mmoja asema mahindi yake ya upande ule hayapiti kimo cha goti. Mwenziwe ajibu kwamba mti ni wake, ardhi ni yake, na mvua ni ya Mungu. Mimi ni karani tu, na kazi yangu ni kuandika majina yao na kuwapeleka kwa afisa wa kilimo. Lakini nilifundishwa ualimu kabla ya kuingia ofisini, na mwalimu haoni raha somo likipita mbele yake bila kusemwa.

Somo lenyewe ni hili. Mimea hupigana, tena hupigana kila siku, lakini haichagui uwanja wa vita. Anayeuchagua ni mwenye jembe. Kwa hiyo mahindi yakishindwa na mti, tusiulaumu mti. Tumwulize aliyeupanda pale.

Mimea hugombania nini?

Watu wengi hudhani kwamba mmea ni kiumbe mpole kwa kuwa hauna miguu wala meno. Si kweli. Utazameni mugumo, ambao wazee wetu wengi waliuheshimu. Ndege hula tunda lake na kuiacha mbegu katika panda ya mti mwingine. Mbegu huota huko huko juu, ikateremsha mizizi polepole mpaka ardhini. Mizizi hiyo hunenepa na kuukumbatia ule mti ulioipokea, hata baada ya miaka mingi mwenyeji hufa na mgeni husimama mahali pake. Hakuna aliyesikia kelele. Ndivyo vilivyo vita vya mimea: havina kelele, lakini vina maiti.

Vitu vinavyogombaniwa ni vitatu: mwanga wa jua, maji, na chakula kilicho udongoni.

Mwanga ndio moto ambao mmea hupikia chakula chake. Ulio mrefu hupika kwanza, na ulio mfupi hungojea makombo. Mahindi ya 614 hurefuka kumpita mtu. Ukipanda maharagwe kati yake siku ile ile ya kupanda mahindi, yatapata jua la kutosha kabla mahindi hayajafunga kivuli. Ukiyapanda baada ya mwezi mmoja na nusu, yatanyong'onyea, yatakuwa na majani ya manjano na maganda matupu.

Maji hugombaniwa chini, mahali tusipopaona. Mkulima huona mti umesimama kimya asijue kwamba mizizi yake imekwisha kuvuka mpaka na kuingia kwa jirani. Mizizi mingi inayotafuta chakula hukaa juu juu, katika udongo ule ule mweusi ambao mahindi nayo hulisha mizizi yake. Ndiyo maana katika mwaka wa mvua nyingi ugomvi wa mpakani hupungua, na katika mwaka wa ukame hupamba moto. Miti ni ile ile na majirani ni wale wale. Kilichopungua ni maji.

Chakula cha udongo, yaani nitrojeni, fosforasi na vinginevyo, nacho kina mipaka. Mbolea uliyoinunua kwa fedha haina macho. Ukiimwaga mahali penye magugu, itayalisha magugu pamoja na mahindi, na pengine magugu yatatangulia mezani.

Adui wa ndani

Kabla ya kwenda mpakani, na tuanze katikati ya shamba. Hakuna mkulima wa Njoro, Rongai, Bahati au Subukia asiyelijua sangari. Nyasi hii haitegemei mbegu peke yake. Ina vijiti vya chini kwa chini, na kila kipande chenye kifundo huweza kuwa nyasi mpya. Kwa hiyo mtu akipitisha trekta mara moja katika shamba lenye sangari, kisha akapanda pale pale, hakuliua. Amelikatakata na kulisambaza kama mtu apandaye vipande vya miwa. Dawa ya jembe ni kulima mapema wakati wa kiangazi, kuvifunua vile vijiti vikaukie juani, kuviokota na kuviondoa, na kurudia tena kabla ya mvua.

Jambo jingine ni wakati. Mahindi ni kama mtoto mchanga: njaa ya siku zake za kwanza haiponywi kwa karamu ya ukubwani. Katika wiki sita hivi za kwanza yakishindana na magugu, hasara iliyotokea hairudi, hata ukipalilia vizuri namna gani baadaye. Palizi ya kwanza isipite wiki ya tatu baada ya mahindi kuota, na ya pili isingojee magugu yatoe maua. Mtu apaliliaye mahindi yanapokaribia kubeba amesafisha shamba kwa ajili ya macho ya wapita njia, si kwa ajili ya ghala lake.

Palizi, hata hivyo, ni shauri la mtu na mwili wake. Akichelewa, njaa ni yake. Shauri la mti wa mpakani ni jingine, kwa sababu hapo mmoja hupanda na mwingine huona njaa.

Hesabu ya mpakani

Mti unaoleta mashauri mengi kuliko yote ni mkaratusi. Kwao ni Australia. Uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kuni zake ziwashe injini za reli ya Uganda, na kwa kazi ile ulifaa sana, maana hukua haraka kupita miti mingi ya kwetu na ukikatwa huchipuka tena. Hata leo nguzo za umeme, mbao za kujengea na kuni za viwanda vya chai hutoka kwake. Sitaki mtu aseme kwamba nimeutukana. Lakini kitu kinachokua haraka hula haraka na kunywa haraka. Wakikuyu waliupa jina la munyua-mai, yaani mnywa maji, na hawakulipata jina hilo kitabuni.

Natuchukue kalamu. Tuseme mtu amepanda mstari wa mikaratusi wa mita 100 mpakani, na tuseme miti hiyo, kwa kivuli na kwa mizizi, inadhoofisha mahindi ya jirani kwa upana wa mita 10. Mita 100 mara 10 ni mita za mraba 1,000, yaani robo ekari. Ikiwa ekari ya jirani huyo hutoa magunia 20, robo ekari ingempa magunia matano. Tuseme sasa inampa nusu tu. Basi kila mwaka hupoteza magunia mawili na nusu. Mwenye miti hungoja miaka minane ili auze nguzo. Katika miaka hiyo minane jirani amepoteza magunia 20, sawa na mavuno mazima ya ekari moja.

Hesabu hii ni ya mfano. Kila mtu na aweke tarakimu za shamba lake. Jambo ninalotaka mlione ni kwamba siku nguzo zile zinapopakiwa katika lori, bei yake haikulipwa na mwenye miti peke yake. Jirani alichanga magunia 20, wala hakuitwa siku ya kugawa fedha.

Mtu atauliza: je, mwenye miti naye hapati hasara ya upande wake? Angepata kama angelima hapo. Lakini tazameni mashamba yetu. Mara nyingi upande wa mwenye miti ipo njia ya ng'ombe, au choo, au boma. Aliweka miti pale kwa kuwa hapakuwa na kitu chake cha kuharibika. Huo si ujinga. Ni akili, lakini ni akili isiyo na ujirani.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito mkubwa. Mtu mwenye ekari 15 hakujali kupoteza robo. Leo shamba la baba limegawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, hata wengi wana ekari moja au chini yake. Robo ya ekari moja ni chakula cha watoto kwa miezi mitatu. Mti ule ule uliokuwa pambo katika shamba la babu umekuwa mwizi katika shamba la mjukuu, wala mti wenyewe haukubadilika.

Tujifunze kwa Baringo

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo ya watu wawili. Basi na tuteremke kutoka Nakuru kuelekea kaskazini, tupite Mogotio, tufike Marigat karibu na Ziwa Baringo. Huko wameona ugomvi wa mti mmoja na nchi nzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti uitwao mathenge, ambao asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, ulipandwa huko kwa nia njema. Nchi ilikuwa kavu, udongo ulikuwa ukichukuliwa na upepo na maji, na kuni zilikuwa shida. Ilitakiwa mti usioogopa ukame. Mathenge haukuogopa ukame, kweli, wala haukuogopa kitu kingine chochote. Mizizi yake huzama kutafuta maji ya mbali. Chini ya kichaka chake nyasi hupotea. Maganda yake ni matamu, mifugo huyala kwa pupa, na mbegu hupita tumboni mwao bila kufa, zikaota pamoja na samadi kila mahali mnyama alipopita. Hivyo ng'ombe na mbuzi wenyewe wakawa wapandaji wa mti uliokuwa ukiwanyang'anya malisho.

Mwaka 2006 watu wa jamii ya Wailchamus waliishitaki serikali mjini Nairobi, wakampeleka mahakamani mbuzi asiye na meno awe ushahidi, kwa kuwa utamu wa maganda yale huozesha meno ya mifugo na miiba yake huwaumiza. Wako watu waliocheka habari hiyo magazetini. Lakini mfugaji ambaye mbuzi wake hawezi kutafuna hana cha kucheka. Mwaka 2008 serikali iliutangaza mathenge kuwa gugu lenye madhara chini ya sheria.

Leo watu wa Marigat huuchoma makaa, huusaga maganda yake kuwa chakula cha mifugo, na hupata fedha kidogo kwa njia hiyo. Hiyo ni akili ya mtu aliyekwisha kupatwa na jambo. Ingekuwa bora wangeulizwa mapema: mti huu ukishiba, utakaa na nani, na atakayeondoka ni nani? Swali hilo ndilo nataka kila mkulima alijibu kabla ya kuchimba shimo la mche, awe Baringo au Molo.

Iko miti inayojua kuishi na watu

Msije mkanielewa vibaya mkachukua mashoka. Nchi yetu inahitaji miti. Mwaka 2009 serikali ilitoa kanuni za kumtaka kila mkulima awe na miti katika asilimia 10 ya shamba lake, na Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Ni kazi njema. Lakini mche ukipandwa mahali pabaya utahesabiwa mara mbili: kwanza katika daftari la miti, na baadaye katika daftari la mashauri.

Mgrevilea, ambao wengi wetu twauita mukima, nao ulitoka Australia kama mkaratusi, lakini tabia yake ni ya upole zaidi. Huvumilia kukatwa matawi, kivuli chake si kizito, na majani yake huanguka yakafunika udongo. Nao hula, maana hakuna mti usiokula, lakini ukiupogoa kila mwaka kabla ya mvua utakaa vizuri na mahindi. Kaliandra na sesbania hulisha ng'ombe wa maziwa, na mizizi yake huhifadhi vijidudu vinavyotega nitrojeni ya hewani, kama mizizi ya maharagwe ifanyavyo.

Huko Malawi kuna mti wa jamii ya migunga waitwao msangu. Huo hupukutisha majani wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi huyavaa. Kwa hiyo mahindi yanapohitaji jua, mti umevua nguo. Na mti unapovaa, mahindi yamekwisha kuvunwa. Wakulima wa huko hulima chini yake kwa furaha. Hao ni jirani wawili waliogawana mwaka.

Hata misitu yetu ya Mau na Bahati imetufundisha hivyo. Tangu wakati wa ukoloni watu waliruhusiwa kulima mahindi na viazi kati ya miche ya msaipresi. Miaka mitatu hivi ya kwanza miche huwa midogo, na mkulima huipalilia akipalilia chakula chake. Kivuli kikifunga, mkulima huondoka. Mpango huo uliwahi kusimamishwa na kurudishwa tena, na watu wameubishania sana kwa sababu ya wale waliokataa kuondoka. Lakini shina lake ni sahihi: mti na chakula huweza kukaa pamoja kwa muda uliopimwa, na muda ukiisha, mmoja lazima ahame.

Nionavyo mimi

Sasa niseme maoni yangu wazi. Mti mrefu wa biashara usipandwe karibu na mpaka kuliko urefu utakaoufikia ukikomaa. Kama utafika mita 20, ukae mita 20 kutoka kwa jirani. Najua maana ya maneno haya. Maana yake ni kwamba mwenye ekari moja karibu hana mahali pa kupanda mkaratusi. Ndivyo nisemavyo. Mkaratusi ni mti wa mwenye nafasi, au wa kiteremko cha mawe kisichofaa jembe, au wa kikundi cha watu waliokubaliana kutenga kipande kimoja. Tena usikaribie mto wala chemchemi. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya maji iondolewe, na wengi walinung'unika. Lakini wanaoteka maji chini ya mto nao ni majirani, ingawa hatuwajui kwa majina.

Nimesikia watu wakijibu, “Hati ya ardhi ni yangu, na mkaratusi ndio umesomesha watoto wangu.” Nawaheshimu, maana karo si mchezo. Lakini hati hiyo inaonyesha mwisho wa shamba lako, na mizizi haisomi hati. Ikiwa ng'ombe wako akivuka mpaka na kula mahindi ya jirani unalipa, kwa nini mti ukivuka usilipe? Tofauti ni kwamba ng'ombe huonekana. Na watoto wa jirani nao wanadaiwa karo.

Kwa wale ambao miti yao imekwisha kusimama, kuna mambo manne ya kufanya kabla ya kwenda kwa chifu.

Kwanza, zungumzeni kabla ya mvua, si baada ya mavuno. Mtu aliyekwisha kupoteza magunia huzungumza kwa hasira.

Pili, punguzeni matawi ya upande wa jirani, na matawi hayo mpeni yeye awe na kuni.

Tatu, chimbeni mtaro mpakani, futi mbili au tatu kwenda chini, mkate mizizi inayovuka. Msichimbe karibu sana na shina, mti usije ukaanguka na upepo. Kazi hiyo itarudiwa kila baada ya miaka michache, maana mizizi haisahau njia.

Nne, kubalianeni mwaka wa kukata, mwandike mbele ya mashahidi, na mti ukikatwa usiachwe uchipuke tena mahali pale pale. Pandeni mukima, au parachichi ndani kidogo ya shamba, au nyasi za ng'ombe.

Na kwa wanaotaka kupanda sasa, neno moja la ziada. Sisi tuko karibu sana na mstari wa ikweta, na jua letu hupita juu ya vichwa vyetu likitoka mashariki kwenda magharibi. Mstari wa miti uendao kaskazini na kusini hutupa kivuli kirefu shambani asubuhi upande mmoja na jioni upande wa pili. Mstari uendao mashariki na magharibi hujitupia kivuli chake wenyewe kwa sehemu kubwa ya siku. Kama unaweza kuchagua, chagua huo. Ni jambo lisilogharimu hata senti moja.

Wazee walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Mfugaji mwenye akili haendi kuwahubiria fahali. Huwajengea mazizi mawili. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa mimea yetu. Hatuwezi kuuambia mkaratusi usinywe, wala kuliambia sangari lisitambae, wala kuyaambia mahindi yavumilie. Lakini twaweza kuchukua kamba na kupima hatua kutoka mpakani, tukamwita jirani ashike ncha ya pili. Mche uliopimwa na watu wawili hauleti kesi.